Mkataji Asiyelala

Ukitaka kujua una ndugu wangapi duniani, sema huna usingizi. Watajitokeza hata usiowajua, kila mmoja na dawa yake. Nimeshaambiwa ninywe maziwa ya moto, niloweke miguu kwenye maji ya chumvi, nigeuze kitanda kichwa kielekee mlangoni. Nikageuza. Mke wangu akajigonga kidole cha mguu kwenye kabati siku tatu mfululizo, tukakirudisha kitanda kilipokuwa, na mimi nikaendelea kuikodolea macho dari.

Mimi ni mkataji. Si mshonaji, mkataji. Watu huchanganya, na mimi hukereka. Karakana yetu ina cherehani nne na meza moja ndefu, na meza hiyo nimeisimamia miaka ishirini na sita. Wanaoshona wakikosea hufumua. Mimi nikikosea hakuna cha kufumua. Ndiyo maana hukata asubuhi tu, kabla ya saa nne, jicho likiwa bado jipya, na karakana nzima hunisubiri. Mwenye karakana ni dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa na hajawahi kukubali nisahau.

Usingizi ulinitoka miaka miwili iliyopita, bila sababu ya maana. Hakufa mtu, hakuugua mtu. Binti yetu wa mwisho alikuwa ameolewa, nyumba imebaki kimya, na usiku mmoja nikaamka saa nane nikidhani nimesikia mlango. Haukuwa mlango. Usiku uliofuata nikaamka saa nane kuhakikisha kwamba si mlango, na tangu hapo nimekuwa mlinzi wa nyumba ambayo hakuna anayetaka kuiibia.

Mke wangu yeye hulala fofofo. Ni mwalimu wa chekechea, kila mchana analaza watoto thelathini kwenye mikeka kwa kuwapapasa migongo tu, lakini mume mmoja kamshinda. Alijaribu kunipapasa mimi pia. Dakika tano, mkono ukalegea, akaanza kukoroma yeye.

Basi nikaamua kuutafuta usingizi kwa bidii. Nikawa naingia kitandani saa mbili usiku, nimeoga, taa nimezima, nimejifunika mpaka puani. Nilijiambia nikiwahi nitaukuta. Saa tano bado nageuka. Saa saba najumlisha: nikilala sasa hivi nitapata saa tano. Saa tisa: nikilala sasa hivi nitapata saa tatu. Hesabu sikuwa naijua hivyo nilipokuwa shule.

Kazini wakaanza kuniita Popo. Aliyeanzisha ni Bi Vifungo, mama mtu mzima anayeshona vifungo na kusema chochote kinachomjia. Nilicheka nao, kwa kuwa ningefanya nini. Nilidhani naumia mwenyewe tu, mpaka ikaja ile kazi ya hoteli.

Yalikuwa makoti arobaini ya wahudumu, kitambaa kizito cha buluu, upande mmoja unang'aa na mwingine hauna kitu. Kitambaa cha namna hiyo hutandazwa uso kwa uso, tabaka moja linatazama juu, linalofuata linatazama chini, ili ukikata mara moja upate mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Mimi nikatandaza tabaka zote zinatazama juu. Kumi kumi, mara nane. Mara nane nikainua mkasi na mara nane sikuona kitu. Ilipofika saa tano mshonaji wa kwanza akaja mezani kwangu, amebeba mikono miwili ya koti, anaigeuza huku na huku. Mikono themanini, yote ya kushoto.

Hakuna aliyecheka, hata Bi Vifungo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana huyo huwacheka hata wanaojikwaa wakielekea msibani.

Dada hakupiga kelele. Aliuchukua mkasi mezani, akautia kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo. Kisha akasema, "Sikiliza, mdogo wangu. Kila asubuhi utaufuata hapa. Ukikosea mara nyingine natafuta mkataji, na wewe utapiga pasi."

Pasi si kazi ya aibu, sisemi hivyo. Lakini nimekata nguo tangu nina nywele nyeusi. Nikipita barabarani naona koti na najua ni langu kwa jinsi lilivyokaa begani. Ukininyang'anya mkasi unanibakisha mzee mwenye macho mekundu, na wazee wa namna hiyo mji umejaa. Usiku ule sikufumba jicho hata kidogo. Mkasi ulikuwa unalala vizuri zaidi kwenye droo kuliko mimi kitandani kwangu.

Mke wangu ndiye aliyenishika mkono kunipeleka zahanati. Mimi nilitaka vidonge, nilale, nirudi kazini, kwisha. Nesi alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kubishiwa. Alinipima presha, akaniuliza kuhusu chai, kahawa, kukoroma, mawazo. Kisha akauliza naingia kitandani saa ngapi.

"Saa mbili."

"Na unatoka?"

"Saa kumi na mbili."

"Humo ndani unalala saa ngapi?"

"Nne. Siku ya bahati, tano."

"Na hizo nyingine unafanya nini?"

"Nautafuta usingizi."

"Acha kuutafuta," akasema. "Kuanzia leo huruhusiwi kuingia kitandani kabla ya saa sita usiku. Saa kumi na moja alfajiri unaamka, ulale usilale. Mchana hakuna kujinyoosha. Ukiamka usiku na usingizi umekataa, toka kitandani, kaa kwingine, rudi ukisinzia. Na saa ya ukutani itoke chumbani."

Nikamwambia mimi nimekuja kutafuta usingizi zaidi, na yeye ananipunguzia hata huo kidogo. Akasema ndivyo, nirudi baada ya wiki mbili tuzungumze, ila kitanda kimejaa mikesha na lazima tukisafishe. Nikatoka nimenuna. Njiani mke wangu alikuwa anatabasamu peke yake, nikamuuliza anacheka nini.

"Miaka miwili unanikimbia saa mbili usiku," akasema. "Leo utakaa na mimi."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa naona nateseka mimi, kumbe kila jioni nilikuwa namwacha sebuleni na madaftari yake ya kupaka rangi, naye anakula peke yake ili sahani zisinipigie kelele. Niliona haya, nikamwambia hivyo hivyo, kwamba naona haya. Akasema nisijali, kuna vipindi vya redio alivyovifuatilia ambavyo mimi ningeviharibu kwa maneno.

Wiki ya kwanza nusura nimchukie nesi. Kuanzia saa tatu usiku kichwa kinaanguka, mke wangu ananifinya. Tulicheza karata. Tulipanga upya kabati lote la vyombo. Tulizungumza habari za majirani mpaka zikaisha tukaanza kubuni. Saa sita ikifika nauingia mlango wa chumbani kwa kasi ya mtu anayedaiwa. Siku nyingine nililala papo hapo, siku nyingine nikatoka tena kukaa jikoni. Lakini wiki ya tatu nikagundua kwamba saa nane inapita bila mimi kujua. Nilikuwa napata saa nne na nusu, zote mfululizo, na hizo zilinishibisha kuliko zile tano za vipande vipande. Nesi akaniongezea nusu saa, akaniandikia kwa kalamu nyekundu.

Kazini nikawa nafuata mkasi kwenye droo kila asubuhi. Dada ananitazama usoni, anauliza, "Umelala?" Nami najibu, "Nimelala," iwe nimelala au sikulala. Ananipa. Nakata. Nilikuwa nakagua kila tabaka mara tatu, na sikukosea. Wengine walianza kusahau ile mikono ya kushoto. Bi Vifungo aliigeuza thelathini kati yake kuwa mifuko ya kutilia viatu, akanigawia mmoja.

Ndipo akaja mwalimu mkuu mmoja anayestaafu. Alikuwa na kitambaa cha sufu cha kijivu, alichopewa na mtoto wake aliyeko ng'ambo, amekitunza miaka sita akingojea siku ya kuagwa. Dada alikipima mara mbili. Kilitosha suti moja, kwa mwili ule, bila hata kipande cha kutengenezea kola ukiharibu. Mzee yule akaniuliza, "Wewe ndiye utakayekata?" Nikasema ndimi. Akanipa mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia ameridhika. Tukakubaliana kukata Alhamisi.

Usiku wa Jumatano nilifanya kila kitu kama nilivyoagizwa. Saa tano na nusu niko kitandani. Na hapo ndipo nikaanza kuiona ile sufu. Naitandaza kichwani, naona uso na mgongo, nageuza, nasahau imegeuka upande gani. Nikatoka, nikakaa jikoni. Nikarudi. Nikatoka. Sikuona saa, ilikuwa imehamishiwa sebuleni, lakini nilisikia jogoo wa jirani, na jogoo yule hana mchezo. Nilipoamka rasmi saa kumi na moja nilikuwa nimelala labda saa moja.

Mke wangu alinitazama nikivaa shati. "Utamwambia dada yako?"

"Nikimwambia ndiyo mwisho wangu."

"Na usipomwambia?"

Nilitembea mpaka karakana nikijisemesha. Nilijiambia nimewahi kukata nikiwa nimechoka zaidi ya hapo na mambo yakaenda sawa. Nilijiambia nitakagua mara tano. Nilipofika, kitambaa kilikuwa tayari mezani kimekunjuliwa, na dada amekaa karibu na droo yake. Nilikishika. Sufu nzuri hutofautiana kidogo sana uso na mgongo, unahitaji mwanga na vidole. Nilipitisha vidole upande mmoja, nikageuza, nikapitisha upande wa pili, na sikuweza kusema upi ni upi. Nikamkumbuka yule mzee na mikono yake miwili.

"Umelala?" dada akauliza. Mkasi alikuwa ameshautoa.

"Sikulala," nikasema. "Leo sikati."

Cherehani zilinyamaza zote. Mimi nilianza kutafuta kwa macho ile pasi kubwa ilipo, niizoee. Nilikuwa nimeukubali ukweli wenyewe: mkasi umekwenda, na uende, afadhali hivyo kuliko kuiharibu suti ya yule mzee.

"Siku ya makoti ya hoteli nilikuuliza hivi hivi," dada akasema. "Uliniambia umelala vizuri sana, na kila asubuhi tangu hapo unaniambia umelala. Macho yako nayaona, nimekulea mgongoni. Nikajiuliza, huyu ananiogopa tangu lini?"

"Ulisema utatafuta mkataji mwingine."

"Nilisema nikiwa na mikono themanini ya kushoto mbele yangu, ulitaka niimbe? Kitambaa cha hoteli nilinunua kingine. Wewe nitakununua wapi?" Akakikunja kitambaa cha mwalimu taratibu, akakitia kwenye mfuko wake. "Tutakata kesho. Au keshokutwa. Siku hukulala, useme, upige pasi, siku ukilala ukate. Mkasi ni wako, mimi nauweka tu."

Nilifurahi mpaka nikashika ukingo wa meza. Bi Vifungo akasema kama ni siku ya pasi basi niwahi, kuna mashati yananisubiri tangu Jumatatu, na cherehani zikaanza tena.

Nilipiga pasi mchana kutwa. Jioni nikamsimulia mke wangu yote, nikamrudia tena sehemu ya "nitakununua wapi," akaniomba niirudie mara ya tatu. Tukacheza karata, akanifunga vibaya sana. Saa tano na nusu nikajilaza. Nikangoja hofu ije, kama ilivyokuwa ikija kila usiku kwa miaka miwili: usipolala kesho utaharibu, ukiharibu umekwisha. Ikaja kweli. Nikaiambia, nisipolala kesho nitapiga pasi. Nikageukia ukutani.

Saa kumi na moja mke wangu alinitikisa bega. Alinitikisa mara ya pili. Anasema mara ya tatu alinimwagia maji, mimi hilo silikubali, ingawa mto ulikuwa umelowa. Nilikaa kitandani nikamuuliza nini kimetokea, nani kaja. Akasema hakuna aliyekuja, kumekucha, niende kazini.

Nilifika nimechelewa kidogo, suruali imekunjamana. Dada alikuwa ameshaweka sufu mezani na mkasi juu yake, na safari hii hakuniuliza kitu. Nikaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, nikapitisha vidole. Uso ulikuwa huu, mgongo ulikuwa huu. Nikachora kwa chaki, nikakata suti ya mwalimu kwa dakika arobaini.