Abiria Asiyelia

Mlima wa kwanza ulimkuta Wepukhulu na abiria asiyeweza kushuka.

Enzi hizo, kabla pikipiki hazijawanyang'anya kazi, waendesha boda wa baiskeli mjini Eldoret walikuwa na sheria moja: mlimani abiria hushuka, hutembea, na mkifika juu hupanda tena. Hata mama mjamzito alishuka. Lakini abiria wa leo alikuwa babake mzazi, Mzee Wabuge, mlinzi wa kinu cha kusaga mahindi kule Pioneer, naye alikuwa amekufa tangu alfajiri.

Ilikuwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Kinu kilichomwa kwa sababu ya kabila la mwenye kinu, ambaye alikuwa ameshakimbia. Mzee Wabuge hakuwa wa kabila hilo, na hata kukimbia hakukimbia. Alisimama mlangoni na rungu lake, akawaambia wale vijana kwamba mahindi hayana kabila. Walimjibu kwa mshale. Ukiniuliza mimi, nitakwambia alikufa kifo cha kijinga na cha heshima kwa pamoja, maana mali haikuwa yake. Alichokuwa nacho ni funguo tu.

Wepukhulu aliona yote akiwa amelala kifudifudi nyuma ya magunia ya pumba. Aliona nyuso. Walipoondoka alimvuta babake hadi kwa jirani yao, Mama Jerop, Mkalenjin wa hapo hapo, ambaye wana wa shangazi zake pengine walikuwemo katika lile kundi. Mama Jerop aliukata mti wa mshale kwa kisu cha jikoni, machozi yakimdondoka, akaiacha chembe yake ya chuma ndani. Akamvalisha mzee kabuti lake la kazi kuficha damu, akamvutia boshori, kofia yake ya sufu, hadi machoni, kisha akamketisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na kumfunga kwa leso mbili mgongoni mwa mwanawe.

"Pita njia za mashamba," alimwambia. "Ukiulizwa, sema ni mgonjwa. Wakijua ni ile maiti ya kinu, watajua uliwaona. Hawatakuacha."

Barabara kuu ilikuwa imelazwa magogo na mawe, na gari hakuna. Zilibaki njia tupu za murram, udongo usio na lami, hadi nyumbani Moi's Bridge, safari ya kutwa nzima kwa aliyebeba mzigo. Si lori, si trekta, si basi la kumtia mtu vumbi. Siku nyingine mwendesha baiskeli angeiita bahati. Siku ile ule utupu ulimtisha kuliko lori lililokatika breki.

Na alikuwa na kazi nyingine zaidi ya kukanyaga pedali. Kwao, Wabukusu, maiti anayerudishwa nyumbani huambiwa njia. Kila mkifika mto unamwambia kwa sauti: baba, tunavuka, twende. Usipomwambia kabla gurudumu halijagusa ng'ambo, unafika na mwili, na mwenyewe anabaki ukingoni akishangaa mlikoenda. Pale mto Sosiani alimwambia. Kwenye kijito cha pili akamwambia tena. Mzee alikuwa akianza kukakamaa, kidevu chake kikimchoma mwanawe begani kila walipoingia shimoni.

Katika shamba moja lililovunwa aliona watu wakimkimbiza mtu kati ya mabua. Mtu yule alikimbia vizuri, kisha akajikwaa. Mapanga yalipanda na kushuka, yakapanda na kushuka, na sauti ilipokoma mapanga bado yaliendelea. Wepukhulu aliinamisha kichwa akakanyaga. Alijiona mwoga, na kweli alikuwa mwoga, lakini waliokuwa mashujaa siku ile wengi tuliwazika.

Mto wa tatu ulikuwa na daraja la mbao, na juu ya daraja palikuwa na gogo, na juu ya gogo waliketi vijana kama kumi hivi. Walinuka pombe ya chang'aa na moshi. Mkubwa wao, aliyeitwa na wenzake Kiprono, alishuka na panga mkononi.

"Simama hapo. Unabeba nani?"

"Ni mzee wangu. Ako na homa mbaya. Nampeleka nyumbani Moi's Bridge."

"Mbona haongei?"

"Homa imekula sauti."

"Sisi tuko na dawa ya homa," kijana mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

Kiprono alimpiga mzee mgongoni kwa ubapa wa panga. Vumbi likaruka kutoka kwenye kabuti. Mzee hakusema kitu. Akampiga tena, kwa nguvu zaidi, na pigo hilo Wepukhulu alilisikia likipita kifuani mwa maiti hadi kifuani mwake. Kijana mwingine akaleta rungu, akalenga muundi wa mguu uliokuwa ukining'inia kando ya gurudumu. Mfupa ulivunjika kwa mlio kama wa kuni kavu. Mzee Wabuge hakustuka. Hakuguna. Hata kidole hakikucheza.

Yule wa rungu akalishusha.

Nyanda zile, Mkalenjin kwa Mbukusu, mwanamume hupimwa siku moja, siku ya kisu cha jando. Akipepesa jicho, ataimbiwa jambo hilo hadi kaburini. Vijana wale walikuwa wamelelewa kwa kipimo hicho, na pombe ilikuwa imewaachia hicho tu kichwani. Hawakuona maiti. Waliona mwanamume.

"Huyu mzee alitahiriwa sawasawa," Kiprono alisema polepole. Alivua kofia. "Hajalia. Toeni gogo, apite."

"Hata mimi nimeshindwa na yeye tangu nizaliwe," Wepukhulu akasema, na akacheka. Alicheka nao. Kicheko kilimtoka chenyewe, kirefu, na hadi leo ndicho kinachomwamsha usingizini.

Akaanza kuvuka. Mbao zililia chini ya magurudumu. Wakati wa kusema ulikuwa huo, na maneno yalimfika kooni. Lakini nani wa nyanda hizo asiyejua? Ukimsikia mtu akimwambia abiria wake kwamba wanavuka mto, unajua abiria huyo ni maiti. Vijana walikuwa wamesimama pande zote mbili wakimsindikiza mzee kwa heshima. Wepukhulu aliuma ulimi hadi ukatoa damu. Gurudumu la mbele likagusa ng'ambo, kisha la nyuma, na hakuwa amesema neno.

Walimzika kesho yake. Mamake, Mama Nanyama, alishika pembe moja ya jeneza pamoja na wanaume, akaliachia ghafla.

"Ni jepesi," alisema. "Ulimwita babako kwenye kila mto?"

"Kila mto, mama."

Uongo huo ulimkaa kama ile chembe ya mshale. Kila mwaka mama aliota mumewe amesimama ukingoni, mguu mmoja umevunjika, na kila mwaka akauliza swali lile lile, na Wepukhulu akajibu vile vile. Pale darajani hakurudi. Akienda nyumbani alizunguka na lami, hata kama ni kulala njiani. Wale vijana aliwachukia, ndiyo, ila si kama alivyokichukia kicheko chake.

Miaka kumi na minne ilipita. Boda za baiskeli zilikufa, lakini miguu ya Wepukhulu haikufa, na kocha mmoja aitwaye Phineas alimpa baiskeli ya mbio za murram. Mwaka ule kukawa na mashindano, barabara za mashamba zikafungwa magari yasipite. Mshindi angepelekwa kwa ndege kushindana katika kisiwa cha volkano, mbali baharini. Phineas alimwonyesha picha: mlima uliotapika moto, na njia za changarawe nyeusi ambazo gari halikanyagi mwaka mzima. Wepukhulu aliitaka safari hiyo kwa moyo wote. Alitaka, mara moja maishani, njia tupu ambayo si hofu iliyoifanya iwe tupu.

Zilipobaki kilomita chache, mbele walikuwa wawili, yeye na Kipchumba, kijana ambaye mwaka ule wa moto alikuwa bado anabebwa mgongoni. Walikuwa wamegongana viwiko tangu asubuhi, goti la Wepukhulu likivuja damu, na kijana alikuwa ameanza kuchoka. Wakashuka mteremko, wakakata kona, na mbele yao likatokea daraja. Sasa lilikuwa la saruji. Mto ulikuwa ule ule.

Wepukhulu akakamata breki.

"Ni pancha, mzee?" Kipchumba akauliza, akigeuka.

"Nenda. Usiningoje."

Aliweka mguu chini ukingoni. Nyuma yake kocha Phineas alifika na pikipiki.

"Unafanya nini? Kijana anaenda na ndege yako!"

Wepukhulu aliugeukia mto. Alisema kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani: "Baba, ni mimi Wepukhulu. Siku ile niliogopa. Walikupiga, nikacheka. Panda. Tunavuka mto, twende."

Kundi zima likampita, vumbi likamfunika. Akavuka polepole. Ng'ambo kulikuwa na mlima, na baiskeli ile, nyepesi kuliko debe la maji, ilikataa kupanda. Mlimani mtu hushuka. Akashuka yeye, akaisukuma. Kwenye njia panda ya juu wenzake walikuwa wamekata kulia kwenda kumaliza mashindano. Yeye akakata kushoto, kuelekea Moi's Bridge.

Mama Nanyama alikuwa uani akichambua maharagwe. Alimtazama mwanawe, namba kifuani, vumbi hadi kwenye kope. Kisha akatazama gurudumu la nyuma.

"Lile daraja la mbao, mama," Wepukhulu akaanza. "Nilikudanganya."

"Nilijua. Mimi ndiye niliyelishika lile jeneza."

Aliingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka kando ya chake na kukipangusa kwa leso.

"Karibu, baba Wepukhulu," alisema, akitazama nyuma ya baiskeli. "Umechelewa."

Wepukhulu akaushika usukani kwa mikono miwili, usiyumbe, mpaka abiria ashuke.