Vigae Visivyochomwa

Jina la Sindano alipachikwa na mama mkwe wake siku ile ile alipoletwa nyumbani kama mke. Mama alimtazama kuanzia unyayo hadi utosi, akasema huyu akisimama upande haonekani, na watu wote uani wakaangua kicheko, Sindano mwenyewe akiwemo. Walianza kwa utani na wakaendelea hivyo hivyo miaka yote ya ndoa ile: mama akifinyanga, mwanawe akichoma, mkaza mwana akibeba na kuuza. Mtaani mama huyo aliitwa Mama Vyungu. Chungu chake ukikigonga kwa kifundo cha kidole kiliimba, na kisichoimba alikivunja mwenyewe kabla mnunuzi hajakitia machoni.

Kisha tanuri likaua. Lilikuwa la matofali na udongo, lenye paa la kuba, na kila lilipowashwa liliongeza ufa. Mume wa Sindano aliziba nyufa kwa tope na kusema atalijenga upya mambo yakitulia, ila mambo hayakutulia. Asubuhi moja aliingia kutoa vyungu vilivyokuwa bado vuguvugu, na kuba likamwangukia. Sindano alikuwa mlangoni pa tanuri, amenyoosha mikono kupokea. Majirani walipomaliza kuondoa matofali, halikuwepo la kufanya isipokuwa kuleta shuka.

Baada ya mazishi Mama Vyungu alisema neno moja tu, kwamba uani pale moto hautawashwa tena, hata wa kuchemshia chai. Jiko likahamishiwa kibarazani. Udongo aliokuwa ameuloweka ukakauka ndani ya karai hadi ukapasuka, na hakuna aliyeugusa. Walibaki wanawake wawili chini ya paa moja, mama na mkaza mwana, wote wajane. Hawakugombana. Ila utani uliisha, na jina la Sindano mama hakulitaja tena; alimwita “mwanangu” kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Sindano akapata kibarua cha kufagia ukumbi wa soko. Sakafu ya ukumbi ule ilikuwa imechimbika kwa mikokoteni, na siku moja akaja fundi wa kuiziba, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi, aliyejiita Fundi Viraka. Alichanganya unga na maji kwenye ndoo, akamimina shimoni, akasawazisha kwa mwiko, kisha akaenda kunywa chai. Hakuwa amemaliza kikombe alipomwita mwenye mkokoteni apite juu ya kiraka. Mkokoteni ukapita, na kiraka hakikutetereka.

Sindano akaacha ufagio akauliza kitu hicho huchomewa wapi. Fundi Viraka alicheka hadi chai ikamwagika. Alimweleza kwamba hapo hakuna kuchoma. Unga ule mweupe ni magnesia, umeshaokwa kiwandani huko unakotoka. Ukikutana na chumvi ya fosfeti, ambayo ni ndugu wa mbolea ya shambani, na maji kidogo, vinashikana vyenyewe. Mchanganyiko unapata joto wenyewe, unakaza, unakuwa jiwe. Si saruji hii ya kumwagiliwa maji siku nenda siku rudi. Ni jamii ya vyungu na vigae, ila inazaliwa bila tanuri.

“Bila tanuri kabisa?” Sindano aliuliza.

“Bila hata kiberiti, dada.”

Usingizi ulimpaa usiku huo. Aliwaza kwamba kama kitu cha namna hiyo kipo, basi uani pale kazi inaweza kurudi, na kazi ikirudi huenda mama naye akarudi. Akawa anamsaidia Fundi Viraka kubeba ndoo, naye fundi akimwachia mabaki ya unga na kumwonyesha duka la kununulia.

Mwanzoni aliharibu tu. Alichanganya ndoo nzima kwa pupa, akaenda kuchukua fremu za mbao, aliporudi alikuta kijiti cha kukorogea kimesimama katikati kama mlingoti, ndoo ina joto la kuunguza kiganja, na ndani yake jiwe. Ndoo ikabidi ipasuliwe. Mama Vyungu, aliyekuwa akichambua mchele dirishani, akauliza uji gani huo unaokula vyombo. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya mzaha tangu msiba, na Sindano alijificha nyuma ya nyumba akalia kwa furaha.

Akajifunza kuchanganya kidogo kidogo, kwa maji baridi ya mtungini, asubuhi kabla jua halijapanda. Fundi Viraka alimpa boraksi ya kutia chembe tu, ya kuuzubaisha unga usikaze kabla ya wakati. Majivu ya boila, aliyopewa bure kwenye kiwanda cha sabuni, yalijaza nafasi na kupunguza gharama. Ukimimina kwenye fremu lazima ugonge ubao kwa chini, taratibu, mapovu yapande na kupasuka, la sivyo kigae kinabaki na vishimo kama mkate. Sindano aligonga na kugonga mpaka mapovu yakaisha.

Kigae cha kwanza kilichotoka sawasawa kilikuwa cha kijivu, laini, kizito kuliko ukubwa wake. Alikisugua kwa kitambaa, akakipeleka chumbani kwa mama kwa mikono miwili.

Mama Vyungu alikipokea, akakigeuza, akakipitishia kidole gumba ukingoni. Kisha akafanya alivyofanya maisha yake yote: akakiinua kwa ncha za vidole na kukigonga kwa kifundo. Kigae kikaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, safi, ikachukua muda kuisha.

“Umechomea wapi?” aliuliza.

“Sijachoma, mama. Kinashikana chenyewe.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Leo asubuhi kilikuwa unga.”

Sindano alikuwa anatabasamu. Alikuwa bado anatabasamu mama alipokilaza kigae mapajani, akakifunika kwa viganja vyake vyote viwili.

“Kwa hiyo mwanangu alikufa bure,” mama akasema.

Sindano alipiga magoti. Alisema kwamba mumewe hakujua, kwamba pale mtaani hakuna aliyejua, kwamba hata yeye asingefagia soko asingejua. Alisema mengi, na kila alichosema kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichosaidia. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamrudishia kigae chake.

“Ni kizuri,” alisema. “Kizuri kuliko vyangu. Kitoe humu.”

Sindano akataka kuacha. Alikusanya fremu zake akazirundika nyuma ya choo, akarudi kwenye ufagio. Ni mama mwenyewe aliyezitoa, akazipanga uani, akamuuliza anadhani watakula nini. Basi kazi ikaendelea, na wateja wakaja. Zahanati iliagiza vigae vya chumba cha kuoshea vyombo, kwa kuwa dawa kali hazikuvila. Lakini kila kigae lazima kigongwe kabla hakijatoka, na kila kilipogongwa mama alikuwa chumbani akisikia. Sindano alijaribu kugonga nyuma ya ukuta, akajaribu kugonga akiwa amejifunika kanga. Mama alisikia tu.

Siku moja wifi yake alikuja kumchukua mama akae kwake. Sindano alimfuata hadi nje akamuuliza amekosa nini.

“Hujakosa, wifi,” yule dada wa marehemu alisema. “Hata yeye anasema hujakosa. Ni ile sauti ndiyo hawezi.”

Mama Vyungu aliondoka na begi moja. Mlangoni alimshika Sindano shavu, akamwambia ale vizuri, asije akapotea kwenye nguo zake. Kidogo ilifanana na utani wa zamani.

Sindano sasa ana wasaidizi wawili na kibanda cha mabati, na watu humwita Fundi. Jumapili hupanda basi kwenda kumwona mama. Hawazungumzi juu ya vigae; huzungumza juu ya magoti ya mama, bei ya mafuta, watoto wa wifi.

Mara ya mwisho alimkuta karibu na bomba, ameketi kwenye kigoda, mikono imechafuka tope hadi kwenye viwiko. Kando yake kulikuwa na vyungu vidogo vya ukubwa wa ngumi, vimefinyangwa vizuri, midomo imepinduliwa kama zamani. Sindano aliweka mkoba chini. Akachuchumaa, akauliza kwa uangalifu kama ni vya kuchoma.

“Vya mvua,” mama alisema. “Ikinyesha vinayeyuka. Kesho yake nafinyanga vingine.”

“Na isiponyesha?”

“Navimwagia maji mwenyewe.”

Wifi akachungulia mlangoni, akawatazama, akarudi ndani. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa pili wa mtaa. Mama alimega donge la udongo, akamwekea Sindano kiganjani bila kumtazama, na Sindano, ambaye miaka yote hakuwahi kufinyanga, akaanza kulibonyeza katikati kwa kidole gumba.