Nguo ya Bibi Jiwe

Mwezi mpevu wa kwanza wa kila mwaka, kijiji chetu husokota kamba ya mabua ya mpunga, nene kama paja. Wanawake tunashika huku, wanaume kule, tunavutana, na lazima wanawake tushinde ndipo mpunga ustawi. Kisha Bibi Jiwe, nguzo ya jiwe tunayoiomba, aliyesimama hapa njia panda tangu kabla ya babu zetu, huzungushiwa kamba hiyo. Ndiyo nguo yake ya mwaka mzima.

Nyumba yenye msiba haimkaribii. Kwa hiyo tangu mwanangu wa pekee, Gitae, achukuliwe vitani, kamba hiyo nimeivuta kufa na kupona. Kuivuta ni kusema yu hai. Vita viliisha, barua haikuja, mfupa haukuja, nami nikazidi kuvuta na kumwomba Bibi anirudishie. Nilikitamani hata kile kikohozi chake cha alfajiri.

Mwaka huu, asubuhi ya sikukuu, nilimkuta mkewe, Okbun, akiosha nafaka za aina tano za wali wa sikukuu, macho yamemvimba.

"Yule seremala wa ng'ambo ya mto amekuja kukuposa tena?"

"Mama, tuyaache hayo."

"Mimi nimekuuliza."

"Amekuja jana. Nimemwambia mimi ni mke wa mtu."

Mke wa mtu, na mtu mwenyewe yuko wapi? Aliingia kwangu binti mdogo, sasa mvi zinamchungulia kwenye utosi. Hasira zikanipanda, nisijue nimkasirikie nani.

Hapo Mzee Maeng, kiongozi wa tambiko, akabisha. Siku hiyo hupita nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna msiba.

"Mama Gitae, kwako ni safi? Jiandaeni, mwaka huu tutawaburura mpaka mtoni."

"Mtatuburura kwa magoti hayo?" Mdomo wangu haujawahi kuchelewa.

Akacheka. "Basi ni safi. Tuonane uwanjani."

Alikuwa ameshageuka. Ningenyamaza tu, ningeivuta kamba mwaka mwingine.

"Si safi," nikasema. "Hapa pana msiba."

Nyuma yangu bakuli likaanguka, nafaka zikatapakaa sakafuni. Mzee akarudi nyuma, mbali na kizingiti, kama mwiko unavyotaka.

"Msiba wa nani?"

"Wa Gitae."

Akavua kofia. "Pole sana, mama. Amefariki lini?"

"Leo," nikamwambia. "Sasa hivi."