Kidato cha Kumi na Tano

Wa kwanza kujikwaa alikuwa Shangazi mwenyewe, na kwa kuwa alibeba sinia la vikombe, mtaa mzima ulisikia.

"Wewe!" alifoka kutoka juu. "Hii ni ngazi au mtego wa panya?"

Fundi, mtoto wa kaka yake, alikuwa chini akiosha mwiko wake wa uashi. Ngazi aliijenga yeye, kazi yake ya kwanza ya peke yake baada ya miaka minne ya kubebea mafundi wengine zege. Vidato kumi na vinne vilikaa sawasawa. Cha kumi na tano, cha juu kabisa, kile cha kuingilia sakafu ya ghorofani, kiliwazidi wenzake urefu kwa milimita thelathini. Alipopima, alipima hadi kwenye zege tupu la ghorofani, akasahau kwamba juu ya zege kutakuja saruji na vigae. Kosa kama hilo jicho halilioni. Mguu ndio unaolijua.

Baada ya Shangazi alijikwaa fundi umeme. Baada yake, jirani aliyekuja kuazima pasi. Wiki haikuisha, kijana akawa na jina jipya mtaani: Fundi Kwaa.

Jumapili akaja mwalimu wake wa uashi, mzee waliyemwita Bwana Timazi kwa sababu timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, ilikaa mfukoni mwa shati lake kama kalamu. Mzee huyu hakukagua ngazi kwa macho. Alijaza ndoo maji mpaka pomoni, akampa aliyeijenga, akamwambia afumbe macho apande. Aliyemwaga mara mbili alirudi kubeba zege. Ndiyo sheria yake, na haikuwa na mjomba.

Kijana akapanda. Moja, mbili, tatu... kumi na nne. Kidole gumba kikagonga ukingo wa cha kumi na tano, na maji yakateremka ngazi nzima kabla yake.

"Angalau umeiosha," Shangazi akasema.

Bwana Timazi hakucheka. "Jumamosi narudi na ndoo yangu. Ikimwagika tena, mwiko utaniachia mimi."

Jumatatu kijana akakinyanyua cha kumi na nne kwa saruji ya milimita zilezile thelathini. Cha kumi na tano kikapona. Jioni yake Shangazi akajikwaa kwenye cha kumi na nne.

"Limehama!" akapiga kelele. "Jini gani hili, limeshuka kidato kimoja!"

Jumanne akakinyanyua cha kumi na tatu. Mnadhani nini kilifuata? Sasa watu walijikwaa kwenye cha kumi na tatu. Kwa mwendo huo kosa lingeshuka mpaka barabarani.

Jumatano asubuhi aliketi katikati ya ngazi, vifaa vyake ndani ya gunia, gunia limefungwa kamba. Alitaka kulia, na alitaka kumpiga mtu, na mtu wa karibu alikuwa yeye mwenyewe.

"Nimeshindwa, Shangazi. Tafuta fundi."

"Sogea, nina haraka."

"Nakwambia nimeshindwa! Sikuumbiwa kazi hii."

"Nimesikia. Ulivyokuwa mdogo ulishindwa pia kufunga kamba za viatu, ukatembea pekupeku siku mbili kwa hasira. Sogea!" Akamruka, akapanda, akajikwaa. Hapo subira ikamwisha kabisa. "Sasa mzigo wote kwa nini umekitwika kidato hiki kimoja? Bibi yako alipougua tulikuwa watoto saba, tukagawana zamu. Tungemwachia mmoja, angetangulia yeye kaburini!"

Akaingia chumbani, akaubamiza mlango.

Kijana akabaki anautazama ule mlango. Kisha akatoa penseli nyuma ya sikio. Thelathini gawa kwa kumi na tano. Mbili. Milimita mbili kwa kila kidato! Hakuna mguu duniani unaojua milimita mbili.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa na uchungu wake. Ilimbidi abandue saruji ya juu ya ngazi nzima, hata ile aliyoilaza vizuri, ile aliyokuwa akiipapasa kila akipita. Alishika patasi, akaishusha, akaishika tena. Halafu akapiga.

"Mwendawazimu!" Shangazi alitokeza kichwa. "Unavunja vizima?"

"Ndiyo, Shangazi. Na leo na kesho usipite."

"Nikalale wapi?"

"Kwenye kochi."

Alilala kwenye kochi, na kila asubuhi alitoa taarifa ya mgongo wake.

Jumamosi Bwana Timazi akafika, ndoo ikajaa. Kijana akafumba macho. Moja, mbili, tatu. Maji hayakutetemeka. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Hapo mguu ukagoma. Ulikuwa unakumbuka. Alisimama, kwapa zimelowa jasho, ndoo inazidi kuwa nzito.

"Umefika stesheni?" Shangazi alikuwa nyuma yake na sinia. "Chai inapoa, baba. Panda au shuka!"

Akapanda. Kidato kilikuwa palepale mguu ulipokitarajia. Lakini mguu, kwa woga wake, ukainuka tena kutafuta cha kumi na sita ambacho hakikuwapo, ukakanyaga hewa, ukatua kwa kishindo, na nusu ya ndoo ikamwagika kwenye vigae.

Akafumbua macho. Shati lake lote maji. Mwiko wake akauona umekwenda.

"Imemwagika," akasema kwa sauti ndogo.

Bwana Timazi alipanda taratibu, mikono nyuma, akayatazama yale maji, akamtazama yeye. "Imemwagikia wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni ngazi?"

"Hapa ni... sakafu."

"Basi usinipotezee muda. Jumatatu kuna ngazi ya vidato ishirini na viwili. Pima na vigae vyake, tafadhali."

Shangazi naye alikuwa ameshakipanda cha kumi na tano na kupita kati yao na sinia lake, anabwata kuhusu sakafu iliyolowa. Hakuna kikombe kilichogongana na mwenzake.

"Shangazi!" kijana akamwita. "Ngazi!"

Akageuka, uso umekunjwa. "Ngazi imefanya nini tena?"