Ndala Zake Ziko Mlangoni

"Saba kwa kumi," alisema Donatien, kijana aliyesahihisha mtihani, akamrudishia Kanyinda karatasi. "Tulitaka nane. Pole, tata, mzee wangu."

Kanyinda hakuipokea pole hiyo. Alikuwa ameshuka mashimo ya madini ya Mutoshi miaka ishirini na sita. Shule aliiacha darasa la tano. Sasa ushirika wa wachimbaji ulitafuta wasimamizi wa usalama, watu wa kukaa juu na kusema nani ashuke na nani abaki, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kukataa kazi nyingine yoyote. Akalitazama swali la sita, lililopigwa msalaba mwekundu.

*Kama mchimbaji yuko shimoni, ndala zake ziko mdomoni mwa shimo. Unaziona ndala zake mdomoni. Je, yuko shimoni?*

Alikuwa ameandika: *Haijulikani.*

"Hapa nimekosa nini?"

"Jibu ni ndiyo. Kanuni iko hapo juu, tata. Soma."

"Mi nimesoma. Inasema akishuka, anaacha ndala. Haisemi akiacha ndala, ameshuka. Ile umeiongeza wewe."

"Ni kitu kimoja."

"Kimoja?" Kanyinda alicheka bila furaha. "Papy wa Musonoi, unamujua? Tuliona bilatu yake, ndala kama hizi, kwa shimo, tukachimba siku mbili. Ukuta ukamuvunja Kalonji mguu. Papy alikuwa Tenke, kwa ndoa, anacheza na buti mupya!"

Donatien hakuwa na roho mbaya. Alitazama mlango, akashusha sauti. "Majibu yametoka kwa wakubwa, tata. Chukua kalamu. Futa, andika ndiyo. Nakupa nane, kesho unaanza."

Kalamu ilikuwa pale, karibu na kidole chake. Kanyinda aliiona kazi yenyewe: kofia ngumu, kiti, kivuli. Akaisukuma kalamu.

"Siandike. Hata unipe na nyumba."

Akatoka. Nje, chini ya tangazo la kuvua viatu kabla ya kuingia, ndala zake za bluu zilikaa kando ya viatu vyeusi vya Donatien. Mguu mmoja ulikwisha kuingia. Akauchomoa. Akavuka barabara pekupeku, vumbi likimuunguza nyayo, akaketi kwenye benchi la mama Tshiela, muuza karanga.

Saa kumi alasiri Donatien alitoka na funguo. Akaziona ndala. Akarudi ndani.

"Tata Kanyinda! Tunafunga!" Sauti yake ikapita chumba cha mtihani, ikapita stoo, ikaanza kugonga mlango wa choo. "Tata, uko mugonjwa? Fungua!"

"Anatafuta nani ule?" aliuliza mama Tshiela.

"Mi."

"Na uko hapa!"

"Mwache achimbe."

Donatien akatoka tena, jasho usoni. Akazitazama ndala muda mrefu, kisha akainua macho, akaona ng'ambo ya barabara nyayo mbili, nyekundu kwa vumbi. Mama Tshiela alicheka hadi karanga zikamwagika. Kijana akavuka, ndala mkono huu, karatasi mkono ule.

"Vaa, tata."

"Andika kwanza."

Akaiweka karatasi juu ya benchi, akakata msalaba wake mwenyewe, akaandika nane. Halafu kalamu ikabaki hewani. "Na wale tisa niliowapa alama kwa ndiyo?"

Kanyinda alivaa ndala moja, akaitafuta ya pili kwa mguu.

"Waite kesho, wajibu tena. Asiyejua ile, juu ya shimo asisimame."