Tundu Lisilo na Risasi

Saa moja kasoro dakika kumi, Jumatano asubuhi, ng'ombe alikuwa bado hai. Alikuwa amelala ndani ya korongo lililo mbele ya lango la chini la shamba la mifugo, mguu wa nyuma umevunjika na mfupa umechomoza nje ya ngozi. Ndama wake alisimama kando akilia kwa sauti iliyokauka. Sauti hiyo ndiyo iliyomfanya Verna Hauglie asimamishe gari.

Alikuwa amekuja kupaona mahali alipofia mdogo wake Norris, Jumatatu. Kwenye lango palikuwa na udongo uliobadilika rangi, na jiwe moja pana. Kutoka pale korongo halikuonekana, ndiyo maana waliokuja kuuchukua mwili hawakumwona ng'ombe.

Verna alichukua bunduki nyuma ya kiti, akateremka korongoni, akampiga ng'ombe risasi moja katikati ya paji la uso. Ndama alikimbia, kisha akarudi.

Pikapu ya Norris ilikuwa palepale alipoiegesha. Kwenye kiti cha abiria, juu ya glavu, palikuwa na silinda ya bastola, kile kipande cha duara chenye matundu sita ya risasi. Ilikuwa imejazwa risasi zenye vichwa vya plastiki ya buluu, ambazo ndani yake ni changarawe, vipunje vidogo vya risasi vya kuulia nyoka. Verna aliitazama kupitia dirisha bila kuigusa. Halafu aliendesha gari mpaka juu ya kilima, simu iliposhika mtandao, akampigia Lane Stambaugh, naibu sherifu.

"Njoo uchukue kitu kwenye gari la Norris," alisema. "Halafu niletee bastola yake karakana kwangu."

"Verna, wewe ni dada wa marehemu."

"Sijasahau."

Lane alifika karakana akiwa na mfuko wa karatasi kwapani. Alisoma darasa moja na Norris, na walivunjana meno mara mbili kwa sababu ya msichana ambaye mwishowe aliwakataa wote wawili.

"Sherifu amesema nisikuletee," alisema.

"Basi mbona umeleta?"

"Fundi mwingine wa bunduki yuko mjini Billings, na ana foleni mpaka theluji ianguke. Na mchunguzi wa vifo anaandika ripoti leo. Mikono yangu inabaki mezani, na macho yangu yanabaki kwenye mikono yako."

"Yaangalie vizuri. Shuleni hayakuwahi kukusaidia."

Lane alicheka kidogo, akaacha.

Kila mtu katika wilaya alikuwa ameshatoa hukumu. Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Norris alikuwa ameuza nusu ya mifugo. Na baba yao, katika ukame mwingine, alijiua kwa bunduki ndani ya ghala la nyasi. Watu walisema damu hufuata mkondo wake. Mama yao, Borghild, ndiye aliyeufungua mlango wa ghala siku ile. Jana alimuuliza Verna swali moja tu: "Alijiua au hakujiua?" Verna alijibu kwamba hajui. Mama akasema, "Basi jua kabla hatujamzika." Mazishi yalikuwa kesho.

Hoja ya Lane ilikuwa fupi, na ilikuwa nzuri. Bastola ya Norris ilikuwa ya mtindo wa zamani, ile ambayo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Nyundo ikiwa imelala, ncha yake hugusa kitako cha risasi iliyo chini yake. Bastola ikidondoka na kujigonga kwa nyundo, hulia. Kwa hiyo wenye bastola hizo hujaza matundu matano kati ya sita, na nyundo hulazwa juu ya tundu tupu. Watoto wa Hauglie walifundishwa jambo hilo kabla ya kufundishwa sala ya chakula: tia moja, ruka moja, tia nne, vuta, laza. Ukifuata maneno hayo, tundu tupu hujileta lenyewe chini ya nyundo.

"Silinda ilikuwa na tano," Lane alisema. "Nne nzima, moja imelia, tundu moja tupu. Kama nyundo ilikuwa juu ya tundu tupu, bastola isingelia kwa kuanguka hata ukiitupa kutoka juu ya mnara wa maji. Lazima mtu aivute nyundo. Na risasi iliingia chini ya mbavu ikapanda juu, kutoka karibu sana. Unataka niandike nini?"

"Uliiwekea alama silinda kabla ya kuitoa?"

"Nimeweka. Mimi si mjinga kiasi hicho."

Verna aliitoa bastola mfukoni. Aliijua kuliko alivyoyajua mengi yake mwenyewe. Silinda ya kwanza ilikuja nayo kutoka kiwandani. Ya pili, hii iliyokuwa ndani sasa, aliitengeneza yeye kama zawadi ya Krismasi. Aliitafuta miezi, akaisugua kwa jiwe la mafuta mpaka ikapita kwenye fremu bila kukwaruza, akairekebisha mpaka kila tundu liliposimama sawasawa na mtutu nyundo ilipovutwa. Norris alitaka moja ya changarawe kwa ajili ya nyoka, na moja ya risasi kamili kwa kazi nyingine. Kubadilisha ni kuchomoa pini, kutoa hii, kutia ile. Hata kwenye kiti cha gari mtu anaweza.

Mikwaruzo miwili ya Lane ilionyesha tundu lililokuwa chini ya nyundo. Lilikuwa lenye ganda lililolia. Verna alihesabu kutoka hapo, akasimama.

"Tundu tupu liko upande wa pili kabisa," alisema.

"Na?"

"Kama lingekuwa chini ya nyundo, akavuta mara moja akafyatua, lingekuwa jirani na hili lililolia. Lingesogea nafasi moja tu. Hapa liko nafasi ya tatu."

"Labda alivuta, akasita, akalaza, akavuta tena. Wanaojiua husita, Verna. Nimewaona."

Verna hakubisha. Lilikuwa jibu la haki. Alilichukua ganda lililolia, akaliweka chini ya kioo cha kukuzia. Kisha alichukua ganda jipya lisilo na baruti wala risasi, lenye fataki tu kwenye kitako, akalitia kwenye bastola, akavuta nyundo mpaka mwisho, akafyatua. Palisikika mlio mdogo. Alichukua ganda la pili, akalaza nyundo taratibu juu yake, halafu akaigonga nyundo mgongoni kwa nyundo ya ngozi. Mlio uleule. Akayapanga maganda matatu kwa mstari.

"Angalia. Mikono yako sasa unaweza kuiondoa mezani."

Lane aliinama. Ganda la kufyatuliwa lilikuwa na shimo refu, la mviringo. La kugongwa lilikuwa na kishimo kifupi. La Norris lilikuwa na kishimo kifupi. Verna aligeuza bastola, akamwonyesha mgongo wa nyundo. Chuma kilikuwa kimechubuka upya, na ndani ya mchubuko palikuwa na vumbi jeupe la jiwe.

Lane aliupitisha ukucha kwenye mchubuko.

"Iliangukia jiwe la langoni," alisema. "Aliinama kufungua waya wa lango, ikamchomoka."

"Ala yake ilikosa kamba ya kuishikilia bastola tangu majira ya kuchipua. Nilimwambia ashone."

"Lakini tano, Verna. Yule hajawahi kutia sita maishani mwake. Risasi ilifikaje chini ya nyundo?"

Verna alikuwa anajua atakuja kuulizwa. Alijua tangu alipoiona silinda ya buluu kwenye kiti.

"Ile tia moja ruka moja ni ya silinda iliyo ndani ya bastola," alisema. "Unajaza kupitia kilango cha ubavuni, tundu moja moja, na silinda inazunguka unavyohesabu. Hii alikuwa anaijaza nje, mezani, anaiweka kwenye gari ikiwa tayari. Tano, kama tulivyofundishwa. Alipomwona ng'ombe amevunjika, alirudi garini akatoa ya nyoka akaitia hii ili ammalize. Ikaingia vyovyote ilivyoingia. Tundu tupu lilikuwepo. Halikuwa mahali pake."

"Na yeye akaamini."

"Kulikuwa na tano. Angeacha kuamini kwa nini?"

Lane alirudisha kila kitu mfukoni. Alipofika mlangoni alisimama bila kugeuka.

"Nitalazimika kuandika silinda ya pili ilitoka wapi."

"Andika kwangu."

"Ulimwambia aijaze mezani?"

"Nilimwonyesha. Siku ya Krismasi, juu ya kitambaa cha mama."

Jikoni kwa Borghild palijaa bakuli za majirani, viazi na nyama iliyookwa kwa jibini, kila bakuli na jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta. Mama alikuwa amemwekea Verna sahani na kahawa. Yeye mwenyewe alikaa wima, mikono imekunjwa, kama aliye kanisani.

"Hakujiua," Verna alisema. "Bastola ilimdondoka langoni. Lane anaandika ajali."

Borghild alifumba macho. Mabega yake yalishuka, na kwa muda alionekana mdogo ndani ya gauni lake. Kisha akafumbua.

"Alikuwa na ngapi?"

"Tano."

"Bastola yenye tano hailii ikianguka. Hayo nimewafundisha mimi. Baba yenu hakuwa na subira."

"Silinda ile ya pili, mama. Ukiijaza nje ya bastola, hesabu haifanyi kazi. Tundu tupu linaweza kukaa popote."

"Silinda ya Krismasi."

"Ndiyo."

"Ulilijua hilo?"

"Ningeulizwa ningejibu. Sikulifikiria. Nilimwambia tano."

Borghild aliitazama meza, mahali ambapo Desemba palitandikwa kitambaa. Halafu aliinuka, akachukua sahani ya Verna iliyokuwa bado na chakula, akaikung'uta kwenye ndoo ya takataka, akaiosha, akaikausha, akairudisha kabatini. Alikwenda kwenye simu ya ukutani akazungusha namba ya mchungaji.

"Ni Borghild. Waambie watu kijana wangu hakujiua. Ilikuwa ajali, serikali inaandika hivyo." Alisikiliza. "Hapana, si wawili. Kiti cha mbele kanisani kesho nitakaa peke yangu."

Akakata simu.