Seli za Loretta

Dirisha la dawa la hospitali lilimrudisha Loretta Gaines na chupa zake tupu. Walimwambia jina lake halimo tena kwenye orodha. Akapanda lifti mpaka kwa Daktari Milton Szabo, theluji ingali mabegani mwa koti lake, akakaa kumngoja.

Szabo alikuwa na habari hiyo tangu Ijumaa. Maisha yake yote ya udaktari yalikuwa yameishia kwenye seli moja ndogo ya kongosho, ile inayotengeneza insulini. Aliichungulia kwa darubini, kwanza ya panya, kisha ya maiti. Ndoa ikapita, nywele zikapita, mpaka siku alipoweza kuikuza maabarani. Loretta, mpishi wa shule ya msingi hapo hapo Cleveland, alikuwa na kisukari na amejidunga sindano za insulini tangu utotoni. Alikuwa kati ya watu wa mwanzo kuwekewa seli hizo, na huu ulikuwa mwaka wa pili hajajidunga. Alikuwa analala bila kuogopa kwamba hataamka.

Lakini seli zilihitaji dawa kila siku ili mwili usizikatae. Dawa hiyo ilitoka kwa kampuni iliyonunua utafiti wa Szabo, na sasa kampuni ilikuwa imefunga mradi. Si kwamba umeshindwa, walieleza. Wenye hisa wamepata kitu chenye faida ya haraka zaidi. Bima nayo ilisema haigharimii majaribio.

Szabo alimweleza yote hayo huku akitazama meza. Loretta alisikiliza kama mtu anayesomewa ratiba ya basi.

"Zimeharibika?"

"Hapana, Bi. Gaines. Zinafanya kazi vizuri sana."

"Zimo tumboni mwangu, dokta. Ni zangu au zao?"

Jibu lilikuwa kwenye mkataba ambao Szabo mwenyewe aliusaini. Akasema hilo ni suala gumu.

"Nitasikia zikifa?"

"Hutasikia kitu. Sukari itapanda tu, kidogo kidogo."

Simu ikaita. Alikuwa Brent Hadley wa kampuni. Szabo akatoka kuipokelea kwenye korido.

"Milton, wale wagonjwa wako," Hadley alisema kwa uchangamfu. "Tungependa damu yao kila wiki mpaka seli zizime zote. Hakuna aliyewahi kuziona zikifa ndani ya mtu. Gharama ni juu yetu."

"Na dawa?"

"Dawa ni bajeti nyingine, rafiki yangu. Ile imeshafungwa. Ila hii itakuwa makala kubwa ya kisayansi kwako."

Szabo akasimama akingoja hasira. Haikuja. Alichokiona ni mchoro wa seli zikifa: mstari unaoshuka taratibu, safi, mgonjwa hadi mgonjwa. Akasema sawa.

Aliporudi, alimwambia Loretta kwamba kampuni imekubali kulipia vipimo na nauli yake.

"Vipimo vya nini, kama dawa hakuna?"

"Tutajifunza mengi."

"Mtajifunza," alisema Loretta.

Muuguzi aliingia na trei ya sindano na vichupa. Loretta alivua koti, akalikunja magotini, akapandisha mikono yote miwili ya sweta.

"Mnataka upi?" akauliza.